Daftari la Wenda Wazimu: Bangi, Magazeti na Sheria (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulilifuata neno bangi tangu lilipotoka Bara Hindi hata likatua katika pwani yetu na kukaa kinywani mwa Mswahili kana kwamba lilizaliwa naye. Leo nataka kufuata kitu kingine kilichosafiri, chepesi kuliko neno, nacho ni shutuma. Maana kabla sheria kubwa za dunia hazijaandikwa juu ya mmea huu palikuwa kwanza na usemi, usemi ukapata gazeti, na gazeti likapata mjumbe wa Bunge wa kulisoma.

Mwaka 1891 gazeti la Pioneer la Allahabad lilichapisha maneno ya kwamba ganja ina madhara kuishinda afyuni, na kwamba hospitali za wenda wazimu za Bara Hindi zimejaa wavuta ganja. Mjumbe mmoja wa Bunge la Uingereza, Mark Stewart, akayachukua maneno hayo akayauliza Bungeni, na toka siku ile yakawa hoja ya dola. Naomba msomaji alitazame vema neno hilo, zimejaa. Halina tarakimu, wala halimtaji aliyehesabu, walakini lina nguvu ambayo tarakimu aghalabu hazina, kwa kuwa kila alisikiaye huona mara moja, kwa jicho la moyo, nyumba iliyofurika vichaa.

Tarehe 2 Machi 1893 mjumbe mwingine, W. S. Caine, mtu aliyejulikana kwa kuupiga vita ulevi wa kila namna, alidai iundwe tume ya kulichungua jambo hilo. Serikali ya Bara Hindi ikateua watu saba, watatu wao Wahindi, chini ya uenyekiti wa W. Mackworth Young. Wakaanza kazi Calcutta mwezi wa Agosti mwaka ule ule, wakazunguka jimbo kwa jimbo, na wakapokea ushahidi wa watu 1,193: matabibu, mahakimu, maofisa wa ushuru, wamisionari, wakulima na wachuuzi.

Yafaa nieleze hapa kwamba Mhindi hakuwa na jina moja kama sisi. Bhang kwake ni majani, ambayo husagwa yakanywewa pamoja na maziwa na viungo, hasa katika sikukuu za Shiva. Ganja ni vichwa vya maua ya mmea wa kike, navyo huvutwa. Na charasi ni ulimbo wake, ambao zama hizo uliletwa kwa misafara kutoka Yarkand, ng'ambo ya milima. Sisi watu wa pwani tulilitwaa jina la kinywaji tukakipa kinachovutwa, na hivyo tukapoteza tafauti ambayo tume ile ililazimika kuipima kila ukurasa.

Sasa nafika katika sehemu ya kazi yao ambayo kwangu ina thamani kupita zote, nayo ni habari ya daftari. Kila hospitali ya wenda wazimu ilikuwa na daftari lake, na katika daftari palikuwa na safu ya sababu ya maradhi. Mgonjwa hakuja na sababu yake mkononi. Aliletwa na polisi, mara nyingi ameokotwa njiani hana jamaa wa kumsemea, pamoja na hati iliyojazwa na askari au karani, na katika hati hiyo askari, asiye tabibu wala mtoto wa tabibu, alitakiwa aeleze ni kitu gani kilichomtia mtu yule wazimu. Akiuliza mtaani akaambiwa kuwa huyu alikuwa mvuta ganja, kazi ilikwisha, aliandika ganja. Tabibu aliinakili sababu hiyo katika daftari, mwisho wa mwaka safu ikajumlishwa, jumla ikapelekwa serikalini, ikapigwa chapa, na kwa njia hiyo neno la jirani likageuka kuwa takwimu.

Tume iliyatwaa majina 222 ya watu ambao mwaka 1892 wazimu wao uliandikiwa bangi na ndugu zake, ikamfuata kila mmoja nyuma hata pale alipookotwa, ikawauliza jamaa waliopatikana, ikawahoji na matabibu, ambao walikiri kwamba sababu ile waliipokea tu kama ilivyoletwa. Wengine ilionekana waliugua kabla ya kuvuta. Wengine wazimu ulikuwa katika ukoo. Wengine hapakuwa na ushahidi hata chembe kuwa waliwahi kuigusa. Yaliyobaki baada ya mchujo huo hayakufika nusu, na miongoni mwake yamo ambayo bangi ilikuwa na washirika, kama vile pombe. Hata kima mmoja hakusalimika na uchunguzi huu: tabibu Cunningham wa Calcutta alimvutisha moshi wa ganja kwa miezi, kisha akautazama ubongo wake. Sijui kima alionaje heshima hiyo.

Taarifa ilitolewa Agosti 1894 katika juzuu saba. Ilihukumu kuwa matumizi ya kiasi kwa kawaida hayana madhara ya kutajika, kwamba kupindukia kunadhuru, na kwamba dawa yake ni leseni na ushuru, wala si marufuku. Msomaji mwangalifu atasema serikali ile ilikuwa ikijaza hazina kwa ushuru huo huo, basi haikuwa ajabu kuona heri katika kuendelea kuutoza, nami simpingi. Wala sisemi kuwa bangi haina lawama, maana matabibu wa leo wanatuonya kuwa kuvuta mara kwa mara, hasa kwa kijana na hasa ikiwa kali, kunaongeza hatari ya maradhi ya akili. Ninachokitaja ni ule uvumilivu wa kulifungua daftari na kuuliza: nani aliandika hapa, na alijuaje?

Lakini juzuu saba hazina kichwa cha habari. Gazeti laweza kuchapa kwa mstari mmoja kuwa hospitali zimejaa, bali kueleza kuwa hazikujaa, na jinsi ilivyodhaniwa zimejaa, kwahitaji kurasa ambazo mhariri hana na msomaji wa asubuhi hazitaki. Magazeti yetu wenyewe hayajatoka katika shida hii: hutuhesabia misokoto, kilo na magunia kwa uhodari mkubwa siku ya kukamatwa, lakini ni mara chache humfuata mshtakiwa hadi siku ya hukumu, na ni nadra zaidi kumtembelea tabibu wa akili yakamwuliza safu yake ya sababu huijaza namna gani.

Miaka 30 baada ya taarifa ile, mataifa yalikusanyika Geneva kujadili afyuni na kokeini. Bangi haikuwa katika ratiba, ijapokuwa Afrika Kusini ilikwisha liandikia Shirikisho la Mataifa mwaka 1923 ikitaka dagga, yaani bangi kwa jina la kwao, nayo ihesabiwe katika dawa za hatari. Mwezi wa Disemba 1924 mjumbe wa Misri, El Guindy, alisimama akaeleza kuwa hashishi ndiyo inayoleta kati ya asilimia 30 na 60 ya wazimu wote katika nchi yake. Baraza lilitikisika. Hapakuwa na mashahidi elfu, wala hapana aliyepanda meli kwenda Cairo kulifungua daftari la hospitali ya Abbasiya, ambayo taarifa zake za miaka ya karibu na hapo zilikuwa zikitaja hesabu ndogo mno kuliko ile. Mjumbe wa Bara Hindi alitaka taratibu, akitaja mila na dini za watu wake, naye alisikilizwa kwa adabu. Tarehe 19 Februari 1925 mkataba ulitiwa sahihi, bangi ikiwamo, na tarehe 28 Septemba 1928 ikawa haramu katika Uingereza yenyewe, ambako wavutaji wake walikuwa wachache mno.

Juma lijalo, inshallah, tutaufuata mkataba huo kuelekea huku kwetu, kisha tufike Vienna, Disemba 2020, ambako tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi katika jedwali la dawa zilizokazwa kuliko zote.

(Itaendelea)