Karunde, Binti wa Mtemi

Wasomaji wetu wa Tinde waijua njia panda yao. Njia itokayo Nzega hufika hapo ikagawanyika, moja yaenda Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Zamani hapakuwa na magari. Watu walikwenda kwa miguu, na pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi. Julai 1858 Mwingereza Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora, akapita katika nchi hizi za Usukuma, hata tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kuu. Biashara ile ya pembe ndiyo iliyozaa ndoa tunayotaka kuwaeleza leo.

Mtemi wa Unyanyembe zama hizo alikuwa Fundikira. Binti yake mmoja aliitwa Karunde. Akaolewa na Muhammad bin Juma, mfanyi biashara wa pwani, aliyekuwa na mke mwingine Mwarabu, na mtoto wa mke huyo ndiye Hamed, ajulikanaye sana kwa jina la Tippu Tip. Tazameni basi tofauti ya watu hawa wawili. Karunde alikuwa mtoto wa enzi; mumewe alikuwa mgeni mwenye mali, asiye na shina katika nchi. Lugha, dini na desturi zao zilikuwa mbalimbali.

Ya nini ndoa hiyo? Mtemi alikuwa na haki yake katika pembe za nchi, na misafara ilimlipa hongo. Mgeni aliyekuwa mkwe wake alipata ulinzi, na neno lake likasikiwa. Mtemi naye alipata nguo, bunduki na baruti, na rafiki miongoni mwa watu wa pwani. Tippu Tip mwenyewe, katika habari za maisha yake alizozitunga kwa Kiswahili, aeleza kwamba kwa ndoa hiyo baba yake alipata nguvu kubwa Unyanyembe. Kila upande ulipata ulichokitaka.

Lakini faida ni kamba dhaifu. Fundikira alipokufa, enzi ilimwendea Mnywa Sere. Huyu alitaka kodi katika bidhaa za wafanyi biashara. Waarabu wakakataa, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Speke aliporudi Tabora mwaka 1861 aliikuta nchi katika vita, njia zimefungwa, vijiji vimechomwa. Undugu wa ndoa haukuizuia vita hiyo, kwa kuwa ulijengwa juu ya pembe, na ugomvi nao ulikuwa juu ya pembe.

Sasa twaulize neno moja. Karunde alisema nini? Twajua alichopata baba yake, na alichopata mumewe. Hata jina lake limetufikia kwa kinywa cha mtoto wa mke mwenzie. Yeye mwenyewe hakuacha neno lililoandikwa.

Mlinganisheni na Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyezaliwa 1844. Yeye naye alivuka mpaka wa daraja, ila kwa kuchagua mwenyewe. Alimpenda Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg. Mwaka 1866 akatoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, na tarehe 30 Mei 1867, mjini Aden, akabatizwa jina la Emily na kuolewa siku ile ile. Ndoa yake haikumfaidia mtu wa ukoo wake hata mmoja. Mumewe alikufa mwaka 1870, akaachwa na watoto watatu katika nchi ya ugeni, na madai yake ya urithi hayakukubaliwa. Alipata taabu nyingi. Lakini mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake, nasi twayajua mawazo yake kwa maneno yake mwenyewe.

Hatusemi kwamba apendaye hapati shida, wala kwamba wazazi hawana shauri jema. Kwa desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi, ng'ombe wa mahari si bei ya mtu. Ndio huwaunganisha watoto na ukoo wa baba yao, na kuzifanya jamaa mbili kuwa na haya ya kuachana. Neno baya ni hili: kuhesabu ng'ombe kabla ya kumwuliza binti. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, mume na mke. Asiyekubali hakuoa wala hakuolewa.

Basi enyi baba na mama, na ninyi walimu mlio na wasichana darasani, posa ikifika nyumbani mwulizeni binti kwanza, tena pasipo mgeni kusikia. Mpeni nafasi ya kunyamaza, ya kulia, na ya kukataa. Mali ya mkwe yaweza kwisha, na urafiki wa wazee waweza kuvunjika. Atakayebaki ndani ya nyumba ile ni yeye.