Kabla hujamwandikisha mwanao skuli ya maandalizi, ingia chooni



Mama mmoja mkaazi wa Jang'ombe alitueleza kuwa mwanawe wa miaka 4 aliharisha mara mbili ndani ya mwezi wake wa kwanza katika skuli ya maandalizi. Nyumbani kwake maji ya kunywa huchemshwa na chakula hufunikwa, hivyo hakufahamu maradhi yanaingilia wapi. Siku moja alikwenda kumchukua mapema, akaomba kuingia chooni. Alikuta choo kimoja kwa watoto wote na walimu wao, ndoo tupu, kopo moja lililolala sakafuni, na sabuni hakuna. Nje ya mlango lilikuwepo pipa la maji ya kunywa, na kila mtoto akichota kwa mkono wake na kikombe kile kile.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alipomwandikisha mtoto aliangalia sare, ada na watoto wanavyoimba kwa Kiingereza. Choo hakukiangalia. Je, wewe msomaji ulikiangalia?

VIPIMO VIPO

Wengi wetu hudhani malezi ya watoto wadogo ni jambo la hiari, kila mwenye chumba na ubao anaweza kuanzisha. Sivyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, na skuli za binafsi na za jumuiya zinatakiwa zisajiliwe na Wizara ya Elimu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana viwe na kibali. Aidha, vipimo vya huko ni mwalimu 1 kwa watoto 25 wa darasa la awali, na tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo unaosema mtoto mdogo anahitaji mambo matano kwa pamoja: afya njema, lishe, malezi yanayomsikiliza, kujifunza mapema, na ulinzi. Tanzania Bara ilijenga programu yake ya kitaifa ya mwaka 2021 juu ya mambo hayo hayo. Maana yake ni kwamba mtoto anayejua herufi zote lakini anaharisha kila mwezi hajalelewa kwa ukamilifu.

Waislamu wa pwani hii si wageni wa jambo hili. Skuli za maandalizi za madrasa zilianza Mombasa miaka ya 1980 chini ya mwalimu Bi Swafiya Said, zikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Akina mama wa mtaani walifundishwa ualimu, na watoto wakajifunza kuhesabu kwa vifuu, mbegu na makombe ya pwani. Funzo lake ni kuwa malezi mazuri hayangojei fedha nyingi.

KWA NINI CHOO?

Vijidudu vya kuharisha hutoka katika kinyesi, vikapita mikononi, katika maji, chakula na nzi, mpaka mdomoni. Mtoto wa miaka 4 bado anajifunza kuchamba, na mkono uliochamba bila ya sabuni ukiingia katika pipa la maji, darasa zima limekunywa. Wakati wa masika, maji yakituama na makaro yakifurika, hatari huzidi. Hatujasahau kipindupindu kilichopita Unguja na Pemba mwaka 2015 na 2016.

MASUALA YA KUULIZA

Kabla hujalipa ada, uliza na uone kwa macho yako:

1. Je, skuli imesajiliwa?
2. Mwalimu mmoja anasimamia watoto wangapi, na amesomea kazi hiyo?
3. Choo kina maji, na tundu lake ni dogo kiasi mtoto asiogope kutumbukia?
4. Sabuni ipo karibu na choo, na watoto wanaoshwa mikono kabla ya kula?
5. Maji ya kunywa yamechemshwa au kutiwa dawa, na chombo kina mfuniko na bomba?
6. Kadi ya chanjo inaangaliwa? Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18.
7. Mtoto akiugua, nani anampigia simu mzazi?

Masuala haya yaulizwe pia chuoni, maana watoto ni wale wale.

MTOTO AKISHAHARISHA

Usimnyime maji wala chakula. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Mnywesha kidogo kidogo kila baada ya kuharisha. Kituo cha afya watampa vidonge vya zinki. Akiwa na damu katika choo, macho yaliyoingia ndani, usingizi mzito au hawezi kunywa, mkimbize hospitali.

TUSAIDIANE

Yule mama hakumtoa mwanawe wala hakugombana na mwalimu, ambaye mshahara wake ni mdogo. Alizungumza na wazazi wenzake. Walinunua ndoo mbili za bomba, na kila mzazi akatoa kipande cha sabuni. Choo cha pili wameshalifikisha kwa sheha, bado wanakifuatilia.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mtoto tuliyemkabidhi kwa mwalimu asubuhi hajatoka katika uchungaji wetu. Basi kesho ukimpeleka, usiishie mlangoni.

Wabillahi tawfiq.