Huyo nzi kwenye embe lako ni nani? Picha ya simu ilivyoniponza

Wadau, msimu wa maembe uliopita nilimtia hasara mjomba wangu. Naweka wazi hapa ili yasiwakute na ninyi.

Mjomba ana miembe Mkuranga, dodo na bolibo. Maembe yakaanza kudondoka, ukipasua unakuta funza tele. Sasa mi ndo kijana wa intaneti kwenye familia, nikaambiwa "hebu tuangalizie huko huyu mdudu ni nani". Nikampiga picha nzi mmoja aliyetua kwenye embe, kamera yenyewe ya kubahatisha, nikaenda kafe nikalipia nusu saa, nikalinganisha na picha za mtandaoni. Nikatangaza: nzi wa Mediterania! Mjomba akaagiza mtego wenye chambo cha nzi huyo. Wiki mbili mtego mtupu, na maembe yanazidi kudondoka.

Kumbe alikuwa nzi mwingine kabisa, Bactrocera dorsalis. Madume wa huyu hupagawa na harufu ya kitu kinaitwa methili yujenoli, chambo cha yule wa Mediterania hakimshughulishi. Ukikosea jina umekosea chambo, na pesa imekwenda.

Kwanza tuelewane, vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana jikoni sio hawa. Vile vinafuata tunda ambalo limeshaanza kuoza. Hawa ninaowasema, jike ana kitu kama sindano nyuma ya tumbo, anatoboa tunda likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani ya ganda. Kwa nje unaona kitundu kidogo tu, wakati mwingine hata hukioni.

Sasa tofauti zao. Dorsalis ana mbawa zinazopitisha mwanga, na ukanda mwembamba wa rangi nyeusi-nyeusi kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Kifuani ana mistari miwili ya njano, mmoja kila upande, na mwisho wa kifua, pale kinapopakana na tumbo, kuna kipande cha njano. Tumboni ana alama nyeusi kama herufi T. Nzi wa Mediterania ni mdogo zaidi, mbawa zake zina mabaka na mikanda ya njano na kahawia, na kile kipande cha mwisho wa kifua ni cheusi kinachong'aa. Halafu yupo wa kwetu Afrika anayependa sana maembe, Ceratitis cosyra, naye ana mbawa zenye mikanda, mwili wa njano-njano na madoa meusi pale pale mwisho wa kifua.

Mmeona? Karibu kila kitu kiko kwenye bawa na mgongo. Picha yangu ilipigwa ubavuni, mbawa zimekunjwa zinameta jua! Ukipiga, piga kutoka juu, kisha ubavuni, kisha bawa peke yake, na weka rula pembeni.

Ila msiniseme sana, maana hata wataalamu huyu aliwasumbua. Mwaka 2003 alionekana pwani ya Kenya, na Tanzania pia hakuchelewa kuonekana. Rangi ya kifua chake inabadilika, mmoja mwekundu-kahawia, mwingine mweusi. Mwaka 2005 akapewa jina jipya, Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Ikabidi kupima vinasaba na kuwazalisha na wenzao wa Asia, wakapata watoto wanaozaa vizuri tu, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa ni yule yule dorsalis wa Asia aliyekwisha kupewa jina tangu 1912. Kwa hiyo ukikuta invadens kwenye kurasa za zamani, ni huyu huyu. Na sio mchezo: Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikaanza tena 2021.

Funza je? Kwa macho tu ni vigumu kumtaja, inabidi umfuge. Nilichukua embe lenye funza nikaliweka kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, nikafunika kwa kitambaa chepesi. Funza wanajichimbia mchangani, wanageuka vitu kama punje za mchele za kahawia, baadaye nzi wanatoka. Usiwaue siku hiyo hiyo! Wanatoka wamepauka, wape maji na sukari siku kadhaa mpaka rangi zikolee, ndo uwaweke kwenye friza. Baadhi walaze kwenye kiberiti chenye tishu, wengine kwenye spiriti, ingawa spiriti hupausha rangi ikikaa muda. Ndani weka karatasi: mahali, tarehe, tunda, aliyekusanya. Andika kwa penseli, wino unayeyuka. Nzi asiye na karatasi hiyo ni takataka tu kwa mtaalamu.

Wangu niliwapeleka kwa bwana shamba na lenzi ya mkononi, dakika tano akanionyesha ile T. Mjomba akabadilisha chambo, na asubuhi ya pili mtego ulikuwa na nzi wa kutosha, wote madume. Majike hawaingii humo, kwa hiyo bado tunaokota maembe yaliyodondoka na kuyafukia shimo refu.

Hela ya ule mtego wa kwanza mjomba bado ananidai. Mwenye picha ya nzi wake aiweke hapo chini kwenye maoni, ila iwe ya kutoka juu jamani.