Mkato wa Mkasi

Sikuingia katika duka lile kutafuta habari. Nilikuwa nikingoja gari moshi la kutoka Mpanda kwenda Kaliua na Tabora, na kwa kuwa saa ya safari ilikuwa bado mbali, na jua la Oktoba lilikuwa limekwisha kuitawala barabara yote inayotoka stesheni, niliona heri kivuli cha mama mmoja auzaye vikapu, nyungo, mikeka, mishumaa ya nta na asali ya Inyonga kuliko benchi la abiria. Baada ya shikamoo na marahaba nilikishika kikapu kimoja, cha msuko wa kuzungusha, chenye kifuniko kilichochongoka mithili ya kawa, na nilipokigeuza nikaona kimefungiwa kikaratasi kigumu chenye picha, jina la duka na namba ya simu. Chini ya namba karatasi ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na mkato wenyewe haukunyooka.

Nilishika cha pili, nacho kimekatwa. Na cha tatu vivyo hivyo. Kila mkato ulikuwa na mwendo wake: mmoja umepanda kuliani, mwingine umeteremka, mwingine umeingia hata katika tarakimu ya mwisho ya simu, sifuri ikabaki wazi chini kama kikombe kilichopinduliwa. Kiwanda cha chapa hakikati hivyo. Hivyo hukata mkono wa mtu aliyechoka, usiku, penye taa hafifu. Katika kikapu kimoja, cha nyuzi nyekundu na nyeusi, mkasi ulikuwa umepita chini kidogo ya pale ulipokusudiwa, ukaacha vichwa vya herufi ndefu na nukta mbili tatu za herufi i, vimechomoza ukingoni kama vichwa vya watu nyuma ya ukuta. Nilijaribu kuyasoma maneno kwa vichwa vyake, nikashindwa, nikamwuliza mama mwenye duka kulikuwa kumeandikwa nini. Alinitazama kitambo, akanisogezea kigoda. Gari moshi likaondoka bila mimi.

Jina lake siliandiki, kwa kuwa aliniomba nisiliandike, wala sitalitaja duka. Yatosha kusema kwamba vikapu vile hufumwa na wanawake wa Katumba, na kwamba msomaji wa Katavi hana haja ya kuelezwa Katumba na Mishamo ni wapi, wala ni watu gani walioingia kutoka Burundi mwaka 1972 wakiyakimbia mauaji, wakapewa pori la miombo wakaligeuza mashamba. Wala hajasahau kwamba mwaka 2014, baada ya miaka mingi ya kusubiri, watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo walitambuliwa kuwa raia wa Tanzania. Kikapu chenye kifuniko kirefu, ambacho Warundi hukiita agaseke, walikuja nacho vichwani mwao, yaani katika maarifa yao. Mikononi wengi walikuja watupu. Kikapu hicho hushonwa kwa shazia, shungi la nyasi likizungushwa na kufungwa kwa uzi, na siku hizi uzi huo aghalabu hufumuliwa katika salfeti kuukuu za mbolea na sukari, ukatiwa rangi. Kikapu kimoja cha wastani humshika mfumaji siku kadhaa, akiwa hana shughuli nyingine, na mwanamke wa Katumba asiye na shughuli nyingine mimi sijamwona.

Mama huyu alianza kuuza kwa mdomo wake mwenyewe: kwa abiria, kwa watumishi wanaohamishwa, kwa watalii wachache wapitao kwenda Hifadhi ya Katavi, na katika maonyesho ya Nanenane yafanyikayo Mbeya. Akaona wenziwe wa Dar es Salaam na Arusha wakiuza kwa simu, akatamani. Hakujua kupiga picha nzuri, hakujua saa ya kuziweka hadharani, hakujua namna ya kulipia matangazo. Basi akamwajiri kijana wa masoko, ambaye hawakupata kuonana uso kwa uso, akamlipa ujira wa kila mwezi, na kwa maneno yake mwenyewe akamkabidhi kila kitu ili yeye apate kupumua.

Kosa, anasema, halikuwa kuajiri. Jambo hili alilirudia mara tatu katika mazungumzo yetu, kana kwamba alikuwa na hofu kwamba nitaandika kinyume. Mtu mmoja hawezi kununua nyasi, kukagua mishono, kufungasha, kupeleka mizigo stendi ya mabasi, kulea, na bado akawa mpiga picha na mwandishi wa matangazo. Kosa lilikuwa lile neno "kila kitu".

Kwanza lilikuja suala la kuosha. Mteja wa Mwanza aliuliza kama kikapu huoshwa, na kijana, ambaye hakuwa amekishika hata kimoja, akajibu kwa furaha kwamba huoshwa kwa maji moto na sabuni. Uzi wa salfeti hauna neno na maji. Lakini nyasi za ndani zikilowa zikakosa kukauka vema huota ukungu, na kikapu kikaoza kutoka moyoni. Mteja alilalamika, na alikuwa na haki. Kisha kijana akapokea oda ya vikapu thelathini, akaahidi kuvitoa kwa juma moja, katika mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na wafumaji wote wako mashambani wakipanda mahindi. Alikuwa ameuza, kama mama alivyolieleza jambo hilo, siku za watu wengine bila kuwauliza wenye siku zao.

Kisha vikaja vikaratasi. Vilifika kwa basi, mia mbili, ndani ya bahasha ya kaki, na mama anakiri kwamba alipovifungua alifurahi, kwa sababu karatasi ilikuwa nzito, picha iling'aa, na jina la duka lake hakuwa amepata kuliona likichapwa kwa wino wa rangi. Alivifunga vikapuni jioni ileile. Siku ya pili akaja mmoja wa wafumaji kuleta kazi yake mpya, bibi aliyeingia nchini mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwa kuwa hajui kusoma alimwomba mjukuu amsomee kilichoandikwa. Mtoto akasoma jina la duka, akasoma namba ya simu tarakimu kwa tarakimu, akasoma mstari wa mwisho: kimefumwa na wakimbizi.

Bibi hakughadhibika. Aliuliza tu, kwa staha, kama serikali imekifuta cheti chake cha uraia bila kumjulisha.

Usiku ule mama hakulala. Alifungua vikaratasi vyote vilivyokwisha kufungwa, akavitandika juu ya meza pamoja na vile vilivyobaki katika bahasha, akachukua mkasi wa kukatia nyuzi, akaanza. Aliponipa habari hii alinionyesha kidole gumba na cha shahada pale mkasi ulipomchubua, ingawa alama ilikwisha kupotea. Nilimwuliza kwa nini asivitupe vyote akachapisha vingine. Akanijibu kwamba alikwisha kuvilipia, na kwamba fedha ile ilikuwa ya kununulia nyasi. Mimi, niliyeingia dukani kukwepa jua, niliona haya kuuliza swali kama lile.

Alipomwuliza kijana kwa nini ameandika hivyo, alipewa jibu ambalo halikuwa la uovu. Neno lile, alisema, huuza; mnunuzi wa mbali hununua kikapu pamoja na kisa chake, na kisa cha mkimbizi hugusa moyo. Mama alisema kwamba wale si wakimbizi tena. Kijana akasema kwamba mnunuzi hajui. Hapo ndipo walipoachana, na hapo mama akagundua kwamba ukurasa wa duka lake mtandaoni ulikuwa umefunguliwa kwa namba ya simu ya kijana, na neno la siri lilikuwa kwake peke yake. Picha za miaka miwili, majina ya wateja na maswali yao vikaenda zake kwa siku moja. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba za wateja wale hazikuwa mali ya kuchukuliwa hivyo. Ila kati ya sheria na mwanamke mwenye duka la milango miwili pana nauli, pana siku za kufunga biashara, na pana wakili. Hakwenda popote. Alianza upya.

Siku hizi anaye msaidizi mwingine, kijana wa Mpanda hii hii, na mapatano yao yameandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili. Nilipewa niusome. Mapatano hudumu mwezi mmoja, hufanywa upya iwapo pande zote zinaridhia. Kijana hulipwa kwa kazi iliyokwisha kukabidhiwa, yaani picha kadhaa zilizohesabiwa, na picha zenyewe hubaki dukani pamoja na nakala zake. Ukurasa mpya umefunguliwa kwa laini ya mama. Kijana huingia kwa ruhusa, na ruhusa hiyo huondolewa siku kazi ikikoma. Fedha ya matangazo ina kikomo, na mwisho wa mwezi hawahesabu watu waliopendezwa na picha, wanahesabu vikapu vilivyopanda basi. Mambo matatu hayakuajiriwa kabisa: kumjibu mteja, kutaja bei au siku ya kupeleka mzigo, na kueleza nani amefuma. Mama anasema miguu huajiriwa na macho huajiriwa, ila ulimi wa duka haukodishwi, kwani ulimi ukikosea anayeitwa mwongo si mkodishwaji. Mama ananiambia kwamba jioni hukaa saa nzima akijibu maswali kwa kidole kimoja, polepole, na kwamba wateja wamezoea kungoja.

Jambo hili la kukodi ulimi lina asili ndefu kuliko simu. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam walimpata, katika miaka ya 1950, mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyewauzia kazi zao kwa watu ambao wao wenyewe wasingewafikia. Na husimuliwa kwamba mtindo wa shetani, uliowapa jina duniani, ulianza kwa kinyago cha Samaki Likankoa ambacho Peera alikiuza upesi, akamtaka alete vingine vya namna ile. Sisemi palikuwa na ubaya; vinyago vile ni fahari yetu. Nasema kwamba anayepewa kazi ya kumsemesha mnunuzi hupata, pasipo kuomba, mamlaka juu ya patasi, na juu ya shazia kadhalika. Tayari nimeona katika duka hili vikapu vyenye rangi ambazo bibi wa Katumba asingezichagua kwa hiyari yake, kwa kuwa picha za rangi hizo ndizo zilizouza.

Hapa nilimwuliza mama swali ambalo sikulipatia jibu, naye hakulipata. Yeye ameukataa ulimi wa kukodi; je, wafumaji hawakuukodi ulimi wake? Ni yeye anayepanga bei, yeye anayechagua picha, na ndiye aliyeukata mstari ule usiku mmoja peke yake, kabla hajawauliza waliotajwa ndani yake. Alinyamaza, akazungusha kifuniko cha kikapu mkononi, kisha akanieleza jambo ambalo nadhani hakukusudia kulisema. Mfumaji mwingine, mwanamke kijana aliyezaliwa Katumba, aliposikia habari za vikaratasi alisema kwamba neno lile lingeachwa kama kweli linauza, kwa maana yeye ana watoto watatu shuleni, na neno halimpunguzii kitu nyumbani. Mama hakujua amjibu nini. Mimi pia, nikiwa na kalamu mkononi, sijui; najua tu kwamba bibi aliyeuliza habari ya cheti chake na binti huyu asemaye liachwe hukaa kijiji kimoja, hushona kwa shungi moja la nyasi, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa siku bahasha ile ilipokuwa inatiwa wino.

Wameagana kukutana Katumba baada ya mavuno, wafumaji wote na mama pamoja na kijana wa picha, ili wachague wenyewe maneno ya kuandikwa, au waamue kwamba pasiandikwe neno. Mama amekwisha kuuliza bei ya chapa mpya. Vikaratasi vilivyobaki katika bahasha ya kaki, alipovihesabu mbele yangu, vilikuwa sitini na kimoja, vyote vimekatwa, naye anaendelea kuvifunga vikapuni hivyo hivyo.