Batri mpya si dawa: kutafuta ugonjwa wa umeme kwenye pikipiki ya zamani

Pikipiki ya koperative ikilala, kahawa nayo inalala. Wanamemba wengi mnaijua hii hali. Ile Yamaha AG100 ama DT125 iliyobakia toka mradi wa zamani inawaka asubuhi kwa kiki moja na inapanda mlima bila shida, lakini klaksoni inakoroma, taa za kukata kona hazipepesi, na ampuli ya mbele inaungua kila mara. Hapo mtu anasema: "Batri imekufa, tununue ingine."

Koperative moja niliyoitembelea ilinunua batri tatu kwa mwaka mmoja. Pesa ilitoka kwenye sanduku la michango, na wamama wakaanza kuuliza: nani anakula hii pesa? Siku moja dereva alishuka mlimani usiku na magunia mawili, akimulika njia na tochi ya telefone. Komite ilikuwa karibu kumtoa yule dereva kwenye kazi. Batri ya tatu tulipoifungua, maji yalikuwa yamekauka.

Batri ikikauka haraka hivyo, usiseme kwamba haipate umeme. Mara nyingi inapata umeme wa kupita kiasi, inachemka kama chungu.

Kwanza tujue umeme unapita wapi. Ndani ya mota kuna sumaku inayozunguka kando ya bobine. Bobine inatoa umeme unaokwenda na kurudi. Batri haiukubali huo, kwa hiyo unapita kwanza kwenye diode inayouelekeza upande mmoja, kisha regilateri inazuia usizidi. Mara nyingi hivi viwili viko ndani ya kibweta kimoja cha aluminiyumu. Pikipiki nyingi za aina hii zina bobine ya pekee kwa ajili ya kuwasha mota, njo maana zinatembea hata kama batri imekufa kabisa. Na kwa nyingine taa ya mbele haitoki kwenye batri. Ikififia mota inapozunguka polepole, hiyo si ugonjwa.

Sasa upimaji. Multimetre ndogo ya sokoni inatosha. Soma kwanza kama batri ni ya volti 6 ama 12. Iliyojaa ya 12, mota ikiwa imezimwa, inaonyesha 12.6 ama zaidi kidogo. Chini ya 12 ni tupu. Ijaze kwanza, sababu batri tupu itakudanganya. Kisha washa mota, kaza mafuta kiasi cha katikati. Ukiona kati ya 13.5 na 14.8, mtambo wa kujaza uko muzima. Ikibaki palepale bila kupanda, umeme haufike. Ikipita 15, regilateri haizuie tena. Kwa batri ya 6, gawanya hesabu kwa mbili.

Ile ya kwetu ilionyesha 16. Fundi akasema regilateri imeungua. Kabla ya kununua, tuliuliza swali moja: hii pikipiki ilipakwa rangi lini? Mwaka uliopita, rangi nzuri ya kijani ya koperative! Regilateri ilikuwa imefungwa juu ya ile rangi, na kwa muundo ule inapata ardhi yake, yaani masi, kupitia bulon inayoishika kwenye chuma. Bila masi haiwezi kuzuia kitu. Tulikwangua rangi kwa papier ya msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza bulon. Ikashuka mpaka 14.2. Hatukulipa hata franka moja. Dereva alibakia na kazi yake.

Kama kwenu umeme haufike kabisa, anzia vitu vya bei ndogo: fusible, borne zenye ukungu wa kijani, fili iliyokatika karibu na usukani kwa sababu ya kukata kona kila siku. Kisha chomoa fili za bobine, weka multimetre kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi, washa mota. Volti lazima zipande unapokaza mafuta. Zikipanda, bobine iko sawa, tafuta mbele yake.

Batri inakufa usiku pikipiki ikiwa imesimama? Zima kontakti, toa fili ya masi kwenye batri, unganisha ampuli ndogo kati ya fili na borne. Ikiwaka, kuna mahali umeme unavuja. Chaja ya telefone iliyofungwa moja kwa moja kwenye batri ni mwizi ninayemkuta sana.

Mambo mawili tafadhali. Musichomoe batri mota ikizunguka ili "kujaribu", kama mafundi wengine wanavyofanya. Volti zinaruka na kuunguza ampuli, ama zaidi. Na batri inayojazwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, basi sigara mbali. Asidi ikiruka kwenye macho, osha kwa maji mengi hapo hapo na uende kwa munganga. Ndani ya batri ongeza maji ya distile tu, si ya kisima.

Na kama ni bobine kweli, usitupe ya zamani. Mafundi wanaosuka bobine za mota mjini wanaweza kuisuka upya, lakini watahitaji kuhesabu mizunguko ya ile iliyoungua.