Mboga Kwenye Gunia, Mbali na Pongo

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, pongo na ngiri huweza kumaliza mboga za familia kwa muda mfupi. Ndiyo maana tunahimiza bustani ya gunia karibu na nyumba.

Tunachanganya udongo na samadi, tunaweka kokoto katikati ili maji yafike chini, kisha tunatoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki. Juu tunapanda mchicha.

Uzio ni nyavu kuukuu za wavuvi. Pongo huruka, hivyo urefu usipungue mita 2. Ngiri huchimba, hivyo chini tunazungushia miiba. Nyavu zikazwe: zikilegea hunasa mnyama, na kumnasa bila kibali ni ujangili.

Kamati za parokia, anzeni na kaya zenye watoto wadogo. Wafadhili wapendwa, magunia na mbegu ni gharama ndogo, na mchicha huchumwa baada ya wiki 4 hivi.