Surua, Sotoka na Mtoto Mwenye Saratani

Mtoto wa Karatu anayeugua saratani ya damu hupewa rufani kwenda hospitali kubwa, kama vile KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar es Salaam. Dawa anazopewa huua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni za namna hiyo. Lakini seli za uboho, zinazozaa seli nyeupe za damu, nazo ni za namna hiyo. Hivyo dawa inayomtibu humpunguzia pia kinga ya mwili.

Hapo ndipo virusi hupata nafasi. Surua, ambayo watoto wengi huipona, yaweza kushambulia mapafu au ubongo wake na kumwua, pengine pasipo vipele kutokea. Mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini mtoto huyo asichanjwe? Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mwenye afya havina hatari. Kwa aliyepungukiwa kinga vyaweza kuleta ugonjwa wenyewe. Basi atalindwa na nini?

Mfano wa jibu uko Ngorongoro. Sotoka, ambayo kirusi chake ni cha jamii moja na kile cha surua, iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, ng'ombe wa wafugaji walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa, hata hivyo sotoka ilitoweka kwao pia, kwani ilikosa ng'ombe wa kuieneza. Ndama wao walipoacha kufa, na mvua za kiangazi zilipoongezeka, nyumbu wa mbuga za Serengeti na Ngorongoro, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwaka 1961, walizidi 1,000,000 mwaka 1977. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani.

Mtoto aliye katika matibabu yu katika hali ya nyumbu hao: kinga yake imo kwa wanaomzunguka. Ili surua isienee, yapasa watu wapatao 95 katika kila 100 wawe na kinga. Nchini Tanzania watoto huchanjwa wakiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Ndugu na wanafunzi wenzake wakikamilisha chanjo zote mbili, surua hukosa njia ya kumfikia. Na iwapo imezuka shuleni, mwalimu hana budi kuwaarifu wazazi wake siku hiyo hiyo. Katika siku 6 za kwanza baada ya kukutana na mgonjwa, daktari aweza kumpa kinga ya muda itokanayo na damu ya watu wengine. Baada ya hapo nafasi hiyo hupita.